Pikipiki ya Vumbi au ya Lami? Mchagua Jembe Ndiye Mkulima



Siku ya mjadala wa chama chetu muhula uliopita, hoja iliyokuwa mezani ilisema: "Pikipiki ndefu ya vumbi ni bora kuliko pikipiki ya lami." Mtakumbuka jinsi ukumbi ulivyowaka moto. Watetezi walipiga meza, wapinzani wakapiga miluzi, na mwalimu mlezi akalazimika kusimama mara mbili kuomba utulivu. Nilipoinua mkono, mtunza saa akagonga kengele. Tangu siku hiyo maneno yamenikwama kooni, na kwa kuwa mhariri amenipa ukurasa, leo nayatoa.

Chanzo cha hoja ile wengi mnakijua. Likizoni, tukiwa kwenye kituo cha mafuta pale Busia mjini, waliingia wasafiri wawili wa kigeni, mume na mke, kila mmoja na pikipiki yake, wakielekea Uganda. Ya mume ilikuwa BMW aina ya GS, ndefu kama twiga, yenye masanduku ya bati ubavuni na matope yaliyokauka hadi kwenye taa. Ya mke ilikuwa Honda Gold Wing, pana, inayong'aa, yenye kioo cha kukinga upepo na kiti kama cha sebuleni. Wee! Vijana tulijaa pale kama nzi kwenye kombe la chai. Nusu wakaapa kwamba ile ndefu ndiyo pikipiki ya mwanamume. Nusu wakasema kwamba ile nene ndiyo raha ya dunia.

Sasa, wengi waliokuja kusimulia kisa hiki shuleni hawakusema kilichofuata. Mimi nilikuwapo. Yule mzee wa GS alipokuwa akisimama, mguu wake ulikanyaga changarawe iliyolegea. Pikipiki ikaanza kuinama polepole, kama ng'ombe anayetaka kulala, mpaka puu! ikalala kweli. Hakuumia, ila hakuweza kuiinua peke yake. Tulishika vijana wanne, tukahesabu moja, mbili, tatu, ndipo ikasimama. Pikipiki hiyo, ya toleo linaloitwa R 1250 GS, ina uzito wa kilo 249 kabla hujaitia mzigo wowote, na kiti chake kiko juu ya ardhi kwa sentimita 85. Ukiwa na miguu mifupi na mzigo mzito, kusimama tu ni kazi.

Tukiwa bado tunampa pole, yule mama naye akataka kuhamisha Gold Wing yake hadi kivulini nyuma ya kituo, mahali ambapo malori yamechimba mashimo. Miguu yake yote miwili ilifika chini bila shida, maana kiti chake kiko sentimita 74.5 tu. Lakini alipoteremka kwenye ukingo wa shimo la kwanza, tumbo la pikipiki likakwaruza, kwaruu! Uso wake ulikunjamana kama vile aliyekwaruzwa ni yeye. Pikipiki hiyo ina zaidi ya kilo 360 na injini ya silinda 6. Kwenye lami inateleza kama mashua. Kwenye shimo la Busia ni mashua iliyopanda mchangani.

Basi ndugu zangu, ipi ilikuwa bora? Siku ile, pale kituoni, zote mbili zilishindwa ndani ya dakika kumi.

Tusizidharau, lakini. Kila moja ilitengenezwa kwa sababu. Honda walionyesha Gold Wing ya kwanza mwaka 1974, kwa ajili ya watu wa nchi zenye barabara ndefu za lami, wanaotaka kwenda siku nzima bila mgongo kulalamika. BMW nao walitoa R 80 G/S mwaka 1980, na herufi hizo mbili kwa Kijerumani zina maana ya porini na barabarani. Mwaka uliofuata, 1981, Mfaransa Hubert Auriol akashinda kwa pikipiki ya BMW mashindano ya kutoka Paris hadi Dakar kupitia jangwa la Sahara. Tangu hapo dunia ikaamini kwamba mtu wa safari ngumu lazima awe na pikipiki ndefu.

Lakini kabla ya hizo za porini kuwapo, Mwingereza mmoja mwandishi wa habari, Ted Simon, aliondoka London mwaka 1973, akapita Afrika kutoka kaskazini hadi kusini, hapa kwetu Kenya akiwamo, akaizunguka dunia kwa miaka 4. Alitumia nini? Triumph Tiger 100, pikipiki ya kawaida ya barabarani yenye injini ya sentimita za ujazo 500. Kwa hivyo anayesema kwamba bila ndefu huendi popote, anasema asiyoyajua.

Siku ya mjadala, mtetezi wa kwanza alitumia jambo kama hilo kutetea kitu kingine kabisa. Alisema wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima, kwa hiyo mwendeshaji hodari huendesha chochote, basi na achukue ile inayopendeza. Watu wakampigia makofi. Mimi sikupiga. Sikupiga kwa sababu wiki ile ile nyumbani kwetu kulikuwa na mjadala uo huo, na huko hapakuwa na mwenyekiti wala mtunza saa, na aliyeshindwa asingepewa peremende.

Nieleze. Kwetu ni ndani, kilomita chache za vumbi kutoka barabara ya lami ya Busia–Malaba. Kaka yangu mkubwa ni mwanaboda, steji yake iko Adungosi. Kwa miaka mitatu aliendesha pikipiki ya mtu mwingine, jioni anapeleka hesabu kwa mwenyewe, kinachobaki ndicho chetu. Karo yangu ilitoka humo. Mwaka jana mwenye pikipiki akaiuza. Kaka alikuwa na akiba, lakini haikutosha, basi wazee wakakaa na kuamua kuuza maksai mmoja.

Mnaotoka mijini huenda msilielewe jambo hili. Tulikuwa na maksai wawili wa kulimia. Plau huvutwa na wawili. Ukimuuza mmoja, hukubaki na nusu ya plau, umebaki bila plau. Mama alisema neno moja ambalo sijalisahau: "Hiyo pikipiki lazima ilime." Akanyamaza, akaendelea kuchambua mboga.

Mezani kulikuwa na pikipiki mbili. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ya mtumba, iliyokuwa ikitumiwa na maafisa wa nyanjani na sasa inauzwa kwa mnada. Gurudumu la mbele inchi 21, springi ndefu, tairi zenye meno kama ya mamba. Kaka aliipenda tangu alipoiona. Bei yake, ati, ilikuwa ya kutupa, kama elfu tisini. Ya pili ilikuwa mpya, fupi, Boxer ya Bajaj kutoka India, zile mnazoziona kila pembe, silinda moja, injini ya sentimita za ujazo karibu 145. Hiyo ilipita laki moja na nusu, maana yake kulipa ya kwanza taslimu na inayobaki kidogo kidogo kila siku. (Ajabu ni kwamba injini ya ile BMW ya mgeni, yenye silinda mbili zilizolala zikitazama huku na huku, nayo huitwa boksa. Jina ni moja, bei ni mbingu na ardhi.)

Kaka alisema: "Kwetu ni vumbi na matope. Ndefu ndiyo yetu. Na haina deni." Maneno hayo yana nguvu, sikatai. Gurudumu kubwa hupita juu ya shimo pale ambapo dogo hutumbukia. Springi ndefu humeza matuta. Na deni si rafiki wa mtu.

Lakini mimi, kwa ubishi wa mwanafunzi, nilimwomba kaka jambo moja. Kabla ya kununua alikuwa bado anapewa pikipiki za wenzake siku mojamoja. Nikampa daftari langu la zamani na kalamu, nikamwambia, "Kaka, kwa wiki mbili andika kila safari: umepita wapi na umebeba nini." Alicheka, akaniita Bwana Karani, lakini akaandika.

Tulipolifungua daftari, tulipata hivi. Katika kila safari kumi, karibu saba zilikuwa za lami au changarawe iliyoshindiliwa: Adungosi kwenda Malaba, Adungosi kwenda Alupe, kufika Busia mjini. Mbili zilikuwa za njia za vijijini zilizo kavu. Moja tu, tena si kila siku, ndiyo ilikuwa matope hasa. Na mzigo? Mama na mtoto mgongoni. Gunia la mahindi. Kreti za soda. Trei za mayai. Mzee mgonjwa anayepelekwa hospitalini. Mwanafunzi na sanduku lake la bati. Hapakuwa na hata safari moja ambayo kaka alikuwa peke yake akiruka mashimo kama kwenye sinema.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba swali letu lilikuwa limeulizwa vibaya. Sisi tulikuwa tunauliza pikipiki ipi ni kali. Swali ni kwamba abiria wako ni nani, na anapita wapi.

Chukueni mfano wa mama aliyejifunga leso. Kiti cha juu atakipandaje? Mteja akishindwa kupanda atakwenda kwa pikipiki ya pili kwenye foleni, na hatarudi. Tena mzigo ukiwekwa juu, uzito wote huwa juu, na mkisimama kwenye kilima au kwenye msongamano wa malori pale Malaba, ndefu hutaka kulala, kama ile ya mgeni. Yeye alikuwa na vijana wanne wa kumwinulia. Kaka atakuwa na trei za mayai. Aidha, zile tairi za meno makubwa ni tamu kwenye matope, lakini kwenye lami huisha haraka, na lami ikilowa hazishiki vizuri kama tairi ya barabarani. Saba kwa kumi, ndugu zangu, ni lami.

Kisha kuna jambo la fundi. Kila soko kutoka Bumala hadi Malaba lina fundi wa jua kali anayeweza kuifungua Boxer akiwa anaongea na simu. Cheni, kebo ya klachi, plagi, pedi za breki, vyote viko kibandani, na ukikosa upande huu unavuka mpaka unapata Busia ya Uganda. Jirani yetu mmoja, ambaye sitamtaja, alinunua ndefu ya mtumba. Miezi miwili aliringa nayo, na kweli ilipendeza. Sahani za klachi zilipoisha, aliagiza Nairobi, akangoja wiki tano. Zikaletwa za toleo jingine. Leo pikipiki hiyo iko chini ya mwembe, na kuku wanatagia chini yake. Kila nikipita huwa nakumbuka kwamba nyumba njema si mlango.

Kwa babu ndiko tulikokwenda kutafuta neno la mwisho. Babu ni mmoja wa wale walioanza kazi hii kabla haijaitwa kazi. Mnajua kwamba boda boda ilizaliwa hapa kwetu mpakani, katika miaka ya 1960 na 1970? Kati ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda kulikuwa na nafasi ambayo basi halikukuvusha. Vijana wenye baiskeli wakawa wanawaita wasafiri, "Border! Border!" mpaka mdomo wa Mswahili ukaligeuza kuwa boda boda. Leo neno hilo linatumika Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na mbali zaidi, lakini kitovu chake kimezikwa hapa. Pikipiki zilikuja kwa wingi baadaye sana, hasa baada ya mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT kwa zile zenye injini chini ya sentimita za ujazo 250.

Babu alitusikiliza wote wawili, kaka na mimi, akivuta pumzi kwa pua kama kawaida yake. Kisha akasema: "Nilipopata baiskeli yangu, Black Mamba, wenzangu walinunua kengele na vioo na riboni. Mimi nilikwenda kwa mchomeleaji nikaweka keria ya chuma, juu yake mto wa sponji. Walinicheka. Lakini abiria hakai kwenye kengele, mjukuu wangu. Abiria hukaa kwenye keria."

Kaka hakujibu. Alitazama chini, akatabasamu kidogo. Nilijua kwamba ndefu imeondoka mezani.

Hata hivyo, sitaki mseme kwamba nimeipinga ndefu kwa chuki. Kuna mahali ndefu ni haki yake. Nendeni Budalang'i wakati Mto Nzoia umevunja kingo zake. Muone muuguzi anayepeleka chanjo kwenye vijiji ambavyo njia imegeuka kuwa tope tupu, au afisa wa kilimo anayezunguka mashamba yasiyo na barabara. Huyo hambebi mama na gunia. Yuko peke yake na kisanduku chake cha dawa, na pikipiki ikiharibika kuna ofisi itakayoagiza spea. Huyo ukimpa fupi ya lami umemwonea, yeye na wagonjwa wanaomngoja. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Vivyo hivyo, akitokea mmoja wenu, akasoma, akafanikiwa, akataka kwenda Kampala na Mombasa kwa starehe zake, na anunue nene ya kioo cha mbele. Nitakuwa wa kwanza kumwomba anibebe. Ila asiilete kwetu kwenye vumbi, tumbo lake tunalijua.

Kwa hivyo methali ya wahenga naiheshimu, lakini naomba iwekwe mahali pake. Mchagua jembe si mkulima, ndiyo, ikiwa anachagua ili akwepe kulima, leo mpini ni mfupi, kesho bati ni zito. Lakini mtu aliyeuza maksai wake kununua jembe, asipolichagua, huyo ndiye si mkulima. Na achague kwa shamba lake, si kwa shamba aliloliona kwenye picha. Nimeona vijana wa rika letu wanabandika picha za pikipiki ukutani juu ya kitanda, kisha siku ya kununua wananunua picha. Barabara ichaguliwe kwanza, abiria wa pili, fundi wa tatu. Pikipiki itajichagua yenyewe.

Mtauliza mambo yaliishia wapi. Kaka alinunua ile fupi. Alipeleka kwa mchomeleaji akawekewa keria ya chuma, akabadilisha tairi ya nyuma akaweka yenye meno kiasi, si ya mamba. Alinunua helmeti mbili, yake na ya abiria, ingawa abiria wengine husema inaharibu nywele. Na kuhusu ile safari moja katika kumi, ile ya matope, alipata dawa ambayo hata mimi sikuifikiria. Mvua za masika zikishika, pikipiki hulala kwenye duka la rafiki yake kando ya lami, naye huja nyumbani kwa miguu, viatu mkononi. Kilomita chache za matope, akasema, si sababu ya kununua pikipiki nyingine. Ni sababu ya kununua gambuti.

Deni bado halijaisha. Maksai wetu mmoja bado yuko peke yake, na msimu huu tulilima kwa kuazimana na jirani: maksai wetu na wake asubuhi moja kwetu, asubuhi nyingine kwake. Mama bado anahesabu siku. Lakini kila jioni daftari lile linaandikwa, na siku moja nililifungua nikaona kaka ameandika pembeni, kwa mwandiko wake uliopinda: "Leo imelima."

Naomba kutoa hoja.